Kifafa Kinapokataa Dawa: Umeme wa Ubongo Humsaidia Nani?

Somo la afya kwa wakazi wa Juja, Ruiru na Thika

Chukulia mfano wa kijana wa miaka 22 anayeishi Juja. Aitwe Kamau. Amekuwa akianguka kifafa tangu darasa la sita, na siku hizi huanguka mara mbili au tatu kwa wiki. Aliacha kazi ya kuchonga mawe machimboni baada ya kuanguka karibu na ukingo wa shimo. Mama yake amemnunulia dawa kwa miaka mingi. Juzi mjomba wake alileta habari kwamba ng'ambo kuna mashine inayowekwa ndani ya mwili, inatuma umeme kwenye ubongo na kuzuia kifafa. Familia sasa inapanga kuuza ng'ombe na kuitisha harambee ili Kamau apelekwe India.

Kamau ni wa mfano tu, lakini swali la familia yake ni zito. Je, mashine hiyo ipo kweli? Inamsaidia nani? Na kabla ya ng'ombe kuuzwa, ni mambo gani yanafaa kujulikana kwanza? Somo hili linajibu maswali hayo kwa mpangilio.

1. Umeme ambao tayari uko kichwani

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Seli zake hutumiana ujumbe kwa umeme huo, na ndiyo sababu mtu huweza kutembea, kusema na kukumbuka. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Kipimo hicho kinaitwa EEG na hutumika hadi leo. Waya nyembamba hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Haziumizi wala hazitumi umeme wowote. Zinausoma tu ule uliomo.

Kifafa hutokea kundi kubwa la seli linapofyatua umeme kwa pamoja bila utaratibu. Ni kama makutano ya barabara ambapo magari ya kila upande yameingia kwa wakati mmoja. Fujo hiyo ikienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Ikibaki sehemu moja, huenda mtu akakodoa macho tu, akatafunatafuna bila chakula, au mkono mmoja ukacheza wenyewe. Yote hayo yanaweza kuwa kifafa.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa, na si laana. Miongoni mwa sababu zake ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu na kuota ubongoni. Kwa wagonjwa wengi sababu haipatikani. Ndiyo maana helmeti ya bodaboda, kliniki ya wajawazito na kunawa mikono ni sehemu ya kuzuia kifafa.

2. Dawa ndiyo njia ya kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Shirika hilo linasema pia kwamba dawa za msingi zinaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 za Marekani kwa mwaka. Dawa zinazojulikana zaidi ni fenobabitoni, kabamazepini, fenitoini na valproeti. Mwanamke anayeweza kupata mimba amwulize daktari kuhusu valproeti kabla ya kuitumia, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Taabu kubwa Afrika Mashariki ni kwamba wengi hawazipati dawa hizi, au huzipata nusunusu. Katika Kaunti ya Kilifi, watafiti walipima damu ya watu wenye kifafa kuona kama dawa imo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa na dawa mwilini.

Mfano mwingine unatoka Mahenge, Tanzania, ambako Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Wagonjwa 164 wa kliniki hiyo walifuatiliwa kwa miaka 30, na ripoti ikatolewa mwaka 1992. Vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe: mashambulio yasiyokoma, kuzama majini, kuungua moto. Kukosa dawa, basi, kunaweza kumgharimu mtu maisha yake.

3. Lini kifafa huitwa sugu?

Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kilitoa maana inayotumika hadi leo. Kifafa ni sugu ikiwa mgonjwa amejaribu dawa mbili zinazofaa aina yake ya kifafa, kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, ziwe zimetumiwa moja moja au kwa pamoja, na bado anaanguka.

Kwa nini dawa mbili? Jibu lilitoka Glasgow, Uingereza. Wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa walianzishiwa dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Asilimia 47 waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza. Dawa ya pili iliongeza asilimia 13. Ya tatu iliongeza asilimia 1 tu. Kwa hivyo dawa mbili zikishindwa kihalali, kuendelea kubadilisha tembe mwaka baada ya mwaka bila uchunguzi mpya ni kupoteza wakati.

Neno la kushika hapo ni "kihalali". Wengi wanaodhaniwa kuwa na kifafa sugu hawajafika hapo bado. Turudi kwa Kamau na mama yake, siku wanapokaa mbele ya afisa wa kliniki.

"Mama, hizi tembe anameza ngapi kwa siku?"

"Asubuhi mbili na jioni mbili, daktari. Lakini mwezi ukiwa mgumu namgawia moja moja, ili zifike mwisho wa mwezi."

"Na uzito wake umepimwa lini mara ya mwisho?"

"Alipokuwa Form One."

Majibu hayo mawili yanabadilisha kila kitu. Kamau amekuwa akimeza nusu ya kipimo, na hata kipimo chenyewe kilikuwa cha mvulana wa miaka 14. Bado hakuna anayejua kama dawa hiyo inamfaa au haimfai.

Kabla kifafa hakijaitwa sugu, mambo manne huangaliwa:

• Je, ni kifafa kweli? Kuzimia kwa sababu ya moyo, sukari kushuka, na mashambulio yanayotokana na msongo wa mawazo hufanana na kifafa.
• Je, dawa ni ya aina hiyo ya kifafa? Dawa inayofaa aina moja inaweza kuzidisha nyingine.
• Je, kipimo kinatosha kwa uzito wa mgonjwa wa sasa?
• Je, inamezwa kila siku bila kurukwa? Pombe, kukesha na kukatiza dawa ghafla huita mashambulio.

4. Umeme unaotibu: njia tatu

Sasa jibu la swali la mjomba. Ndiyo, mashine hizo zipo, na zimetumika kwa zaidi ya miaka 30. Fikira yake ni hii: ikiwa kifafa ni umeme uliokosa utaratibu, umeme mdogo unaotolewa kwa vipimo unaweza kuutuliza. Tiba hii si ile ya kupitisha umeme kichwani inayotumika kwa baadhi ya magonjwa ya akili. Hapa mtu hupandikiziwa kifaa kidogo chenye betri, na umeme wake ni hafifu.

Njia ya kwanza: neva ya vagasi. Neva hii inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni na kushuka hadi moyoni na tumboni. Daktari wa upasuaji huweka kifaa cha betri chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, kisha waya wake huzungushwa kwenye neva hiyo shingoni. Fuvu halifunguliwi. Kwa kawaida kifaa hutoa umeme kwa sekunde 30, kinapumzika dakika 5, kisha kinarudia, usiku na mchana. Mgonjwa hupewa pia sumaku: akihisi shambulio linakuja, yeye au jamaa yake huipitisha juu ya kifua, na kifaa hutoa umeme wa ziada.

Mtu wa kwanza alipandikiziwa kifaa hiki Marekani mwaka 1988, na nchi hiyo ikakiidhinisha mwaka 1997. Baada ya muda, takriban nusu ya wanaokitumia hupungukiwa na mashambulio kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache, chini ya mmoja kati ya kumi. Madhara yake ya kawaida ni sauti kukwaruza, kikohozi na mwasho kooni wakati umeme unapopita. Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, upasuaji mdogo hufanywa kuibadilisha.

Njia ya pili: ndani kabisa ya ubongo. Hapa waya mbili nyembamba hupitishwa kwenye matundu madogo ya fuvu hadi sehemu iitwayo thalamasi. Sehemu hii ni kama kituo kikuu cha magari: ujumbe mwingi wa ubongo hupitia hapo. Betri hukaa kifuani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watu 110 wenye kifafa sugu. Baada ya miaka 2, upungufu wa wastani wa mashambulio ulikuwa asilimia 56. Yaani aliyekuwa akianguka mara 20 kwa mwezi alifikia kama mara 9. Marekani iliidhinisha njia hii kwa watu wazima mwaka 2018. Hatari zake ni kubwa kuliko za njia ya kwanza: maambukizi, kuvuja damu ubongoni, na kwa wengine huzuni au usahaulifu.

Njia ya tatu: kifaa kinachosikiliza. Kifaa hiki huwekwa kwenye mfupa wa fuvu, na waya zake hufika mahali hasa ambapo kifafa huanzia. Hakitoi umeme kwa saa maalum. Husoma umeme wa ubongo muda wote, na kikiona dalili za shambulio, hutuma umeme papo hapo kulizima. Kinamfaa mtu mzima ambaye kifafa chake kinaanzia sehemu moja au mbili zinazojulikana. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2013.

Njia zote tatu zinafanana katika mambo matatu. Kwanza, hupunguza mashambulio, mara chache huyamaliza. Pili, mgonjwa huendelea kumeza dawa. Tatu, kifaa kinahitaji kurekebishwa mara kwa mara kwa kompyuta na mtaalamu, kwa miezi na miaka. Jambo hili la tatu ndilo harambee nyingi husahau. Anayepandikiziwa kifaa mbali na kurudi nyumbani bila mtu wa kukirekebisha amebeba betri ya bei kubwa kifuani bila faida yake kamili.

5. Kabla ya umeme: upasuaji na chakula

Wapo wagonjwa ambao umeme si chaguo lao la kwanza. Ikiwa kifafa kinaanzia mahali pamoja panapoweza kuondolewa bila kudhuru usemi, kumbukumbu au viungo, upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo huwa na matokeo bora zaidi. Huko Kanada, utafiti wa mwaka 2001 uliwagawa watu 80 wenye kifafa sugu cha upande wa ubongo ulio karibu na sikio. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa wakipata mashambulio ya kupoteza fahamu. Kwa waliobaki na dawa pekee, ilikuwa asilimia 8.

Upasuaji huu umewahi kufanyika karibu nasi pia. Katika Hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, madaktari waliwachagua wagonjwa wa kifafa sugu kwa picha za ubongo na EEG iliyorekodiwa pamoja na video, wakawapasua, na kuripoti kazi hiyo mwaka 2009. Funzo la Mbale ni kwamba kazi kubwa ilikuwa kuchagua kwa uangalifu nani anafaa.

Kwa watoto, kuna pia mlo maalum wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana. Huwasaidia baadhi yao, lakini lazima uongozwe na daktari na mtaalamu wa lishe. Haufai kujaribiwa nyumbani kwa kubahatisha.

6. Njia kutoka Juja

Vifaa vya umeme wa ubongo si huduma ya kawaida katika hospitali za umma nchini, na bei ya kifaa chenyewe ni maelfu mengi ya dola. Hata hivyo, hatua za kufika kwenye uamuzi sahihi zinaanzia karibu na nyumbani.

• Andika daftari la kifafa. Kila shambulio: tarehe, saa, lilichukua dakika ngapi, lilianza vipi, na kama dawa ilirukwa siku hiyo. Jamaa akiweza, arekodi video kwa simu. Video ya dakika moja humwonyesha daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.
• Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Beba daftari, pakiti za dawa zote zilizowahi kutumika, na kadi za zamani za kliniki. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa anaweza kumwelekeza mgonjwa.
• Rekebisha dawa kwanza. Kipimo kilinganishwe na uzito. Mgonjwa ameze kila siku na arudi kliniki kwa tarehe aliyopewa.
• Dawa mbili zikishindwa kihalali, omba barua ya rufaa. Kutoka kituo cha afya, mgonjwa huelekezwa hospitali kubwa kama Thika Level 5, na kutoka huko kwa daktari wa neva katika hospitali ya rufaa, kwa mfano Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Vipimo vya EEG na picha ya ubongo ya MRI ndivyo huonyesha kama njia inayofaa ni dawa nyingine, upasuaji au kifaa cha umeme.
• Jiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, na uulize mapema ni gharama zipi zinalipiwa.
• Tafuta wenzako. Chama cha KAWE, kinachoshughulikia ustawi wa watu wenye kifafa nchini, kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1982.

7. Tahadhari na matapeli

Habari za umeme wa ubongo zikienea, wauzaji wa miujiza hufuata. Mshipi wa umeme, kofia ya mtetemo au mashine ya kusinga inayouzwa sokoni si kifaa cha kutibu kifafa. Anayeahidi kuponya kifafa kwa siku chache, anayeagiza dawa za hospitali ziachwe, au anayedai malipo yote kabla ya kuona EEG na picha ya ubongo, hafai kuaminiwa. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mashambulio yasiyokoma, na hayo huua.

8. Usalama wakati wa kungoja

Rufaa huchukua muda. Katika muda huo, mtu anayeanguka asikaribie peke yake mashimo ya machimbo yaliyojaa maji, mito wala mabwawa. Asiendeshe bodaboda wala gari, na asipande mijengo. Jiko liinuliwe kutoka chini, na apike akiwa na mwenzake. Aoge kwa maji ya ndoo au ya bomba, mlango usifungwe kwa kitasa.

Mtu akianguka kifafa mbele yako:

• Tazama saa.
• Ondoa mawe, moto na vitu vyenye ncha. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola.
• Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kidole wala maji mdomoni.
• Kutetemeka kukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
• Shambulio likipita dakika 5, likirudi kabla hajapata fahamu, au likitokea majini au kwa mjamzito, mpeleke hospitali mara moja.

9. Kamau afanye nini?

Familia isiuze ng'ombe bado. Kamau apimwe uzito, apewe kipimo kamili cha dawa, na mama yake aandike daftari huku miadi yote ikifuatwa. Huenda akaacha kuanguka kwa dawa iliyokuwa nyumbani muda wote. Ikiwa bado ataanguka, na dawa ya pili nayo ishindwe, basi ana haki ya kupelekwa kwa mtaalamu bila kucheleweshwa kwa miaka. Siku hiyo, mjomba akiitisha harambee, familia itakuwa na EEG, picha ya ubongo na barua ya daktari mkononi, na itajua fedha zinaenda kwa tiba ipi na nani atakirekebisha kifaa wakisharudi Juja.

Maswali ya kujipima

1. EEG hutuma umeme kichwani au husoma? (Husoma tu.)
2. Kifafa huitwa sugu baada ya dawa ngapi zilizotumiwa ipasavyo kushindwa? (Mbili.)
3. Je, aliyepandikiziwa kifaa cha neva ya vagasi huacha dawa? (Hapana, huendelea kumeza.)
4. Ni mambo gani manne huangaliwa kabla kifafa hakijaitwa sugu? (Kama ni kifafa kweli, aina ya dawa, kipimo kulingana na uzito, na kumeza kila siku.)
5. Shambulio la dakika ngapi linahitaji hospitali mara moja? (Linalopita 5.)